Fimbo Isiyo na Saini

Binamu yangu aliweka mkoba wa ngozi juu ya meza ya chakula, akaufungua, akasema, "Dada, wewe ndiye msomi wetu. Tuambie hii ina thamani gani."

Ndani mlikuwa na fimbo ya pool ya vipande viwili. Ilikuwa ya marehemu mjomba, baharia, aliyerudi nayo kutoka Marekani na kutoruhusu mtoto yeyote aiguse. Kodi ya nyumba ya binamu ilikuwa imeiva, na dalali alishapiga simu mara mbili. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika fasihi. Kazi yangu ni kusema kitabu hiki ni kizuri, kile si kizuri, na kwa nini. Nikajiambia kwamba fimbo itakuwa rahisi zaidi.

Fimbo ya baa tunaijua: kipande kimoja, imepinda, ncha imegandishwa kwa gundi ya dukani. Fimbo ya oda ni kitu kingine. Fundi huikereza kwa mashine, huiacha mbao ipumzike kwa miezi, huikereza tena kidogo, mpaka mbao iache kuhama. Ikikamilika huwa na urefu wa karibu sentimita 147 na uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo.

Vipimo vya ubora havina siri. Ukiviringisha kila kipande juu ya meza tambarare, mwanga unaopita chini yake usichezecheze. Ukipitisha ukucha kwenye kiungio, usikwame. Kisha tazama zile ncha ndefu za mbao nyeusi zinazopanda kutoka kwenye kitako kama miale. Kwenye fimbo ya bei rahisi ni karatasi iliyobandikwa chini ya vanishi. Ukiikuza kwa kamera ya simu utaona vidoto vya wino. Kwenye fimbo ya fundi ni mbao halisi, iliyopachikwa ndani ya mbao nyingine, na ncha zote zinaishia kimo kimoja.

Za mjomba zilikuwa mbao halisi. Ncha tatu zilikuwa sawa. Ya nne ilikuwa chini kwa unene wa ukucha. Mjomba aliziita mpingo, na sote tuliamini. Huenda ni ebony, mti wa jamii nyingine kabisa, lakini alipenda kusema kwamba kipande cha kwao kilimtangulia Marekani.

Jambo lililonisumbua ni hili. Mpira hauguswi na kitako. Unaguswa na kipande kidogo cha ngozi kilicho mbele, na tabia ya pigo hutokana zaidi na ngozi hiyo pamoja na ufito mwembamba unaoibeba. Ngozi ikiisha hubadilishwa kwa pesa ndogo. Lakini bei ya fimbo ya oda hukaa nyuma, kwenye ncha, nakshi na pete, mahali ambapo mpira haufiki kamwe. Mchezo uko mbele, bei iko nyuma. Anayehukumu fimbo bila kutenganisha hayo mawili atamsifu fundi kwa kazi ya ngozi, au atailaumu nakshi kwa pigo baya.

Na kuna kitu cha tatu, ambacho hakiko mbele wala nyuma. Katika filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986, Paul Newman anampa Tom Cruise fimbo, na jina la Balabushka linatajwa kama mtu anavyotaja dhahabu. George Balabushka alizaliwa Urusi mwaka 1912, akatengeneza fimbo zake Brooklyn, akafariki mwaka 1975. Lakini fimbo iliyoshikwa mbele ya kamera haikuwa yake. Ilitengenezwa na Joss, watengenezaji wengine wa Kimarekani. Cruise aliizungusha hewani kama mkuki, na watazamaji tukaona Balabushka kwa sababu tuliambiwa ni Balabushka.

Sisemi jina ni uongo. Balabushka mwenyewe alianza fimbo zake nyingi na vitako vilivyokwisha kuunganishwa ncha na wengine, vikiwemo vya kampuni ya Brunswick. Ustadi wake ulikuwa katika kuchagua, kukereza na kumalizia. Hilo linanifundisha kuheshimu kazi, si kulisujudia jina. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni nimeona vinginevyo: chema kisicho na jina hutembezwa mpaka kinachoka.

Zilibaki pete mbili nyeupe karibu na kiungio. Hapo niliogopa. Mafundi wengi wa Marekani walitumia pembe za ndovu, na pembe zilizopitia Zanzibar katika karne ya 19 ziliishia kwenye viwanda vya Connecticut, kuwa vibao vya piano. Kama pete zile ni pembe, basi mjomba alirudisha nyumbani kipande cha mnyama aliyeuawa huku kwetu, na sisi tungekuwa tunauza kitu ambacho sheria ya Tanzania inakataza kumiliki bila kibali. Niliigeuza pete chini ya taa. Hapakuwa na mistari inayokatizana, wala mshipa wowote. Weupe mmoja, mkavu, kama wa kifungo cha shati. Sijawahi kufurahi kiasi kile kuona plastiki.

Jioni dalali alipiga tena. Nilimwambia ni kazi nzuri ya mkono, ufito umepinda kidogo, haina saini.

"Haina jina?" akasema. "Jina si linaandikwa tu, dada?"

Binamu alinitazama. Alijua tofauti ya bei kuliko mimi. Si kila fimbo ya Balabushka ina saini, hivyo nani angeweza kubisha? Lakini kuandika jina la mtu mwingine pale kungemfuta fundi aliyekosea ncha ya nne kwa unene wa ukucha, na kumfuta mjomba aliyeipenda bila kumjua.

Nilichukua karatasi nikaandika mistari mitatu: mbao halisi, ncha nne za kupachikwa, pete za plastiki, ufito unahitaji kunyooshwa au kubadilishwa, fundi hajulikani. Binamu aliisoma mara mbili.

"Hii haitalipa kodi yote," akasema.

"Haitalipa," nikasema.

Aliikunja, akaiweka ndani ya mkoba pamoja na fimbo, akampigia dalali aje na bei yake.