Kipindi cha Kwanza Tunapanda

Katika nchi ya Bukonzo, Uganda, uwanja tambarare ni anasa. Rwenzori huanza kuinuka mara tu unapoiacha barabara, na shule nyingi za upande wa Bwera zilijengwa pale mteremko uliporuhusu ukuta kusimama, bila kuuliza mpira utatulia wapi. Uwanja wetu ulikuwa na goli moja juu, karibu na jiko la shule, na goli la pili chini, mpakani mwa shamba la kahawa la jirani. Mpira uliopita goli la chini haukusimama wenyewe. Siku ya mechi mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alipewa kazi moja tu: kusimama kati ya mikahawa akiusubiri.

Timu ngeni zilipofika na sarafu kurushwa, nahodha wao akishinda alichagua kushambulia kuelekea chini. Mtu yeyote angechagua hivyo. Nahodha wetu akishinda alichagua kupanda, kwa maagizo ya Mwalimu, kocha wetu. Kwa hiyo sarafu ianguke vyovyote, sisi tulianza kwa kupanda, na wageni walicheka wakidhani hatukujua uwanja wetu. Mwalimu hakuwaeleza. Alijua kwamba timu iliyoteremka dakika 45 huwa imezoea mpira unaokimbia wenyewe. Ukiigeuza, pasi zake zinafia njiani, na jua la Kasese la alasiri linamaliza kazi iliyobaki. Sisi tuliokuwa tumeusukuma mpira mlimani kama mtu anayepandisha pipa la maji, tukigeuzwa tulikuta kila pasi imeota mabawa. Mabao yetu mengi yalikuja baada ya dakika ya 60. Watu waliita bahati.

Nimekaa miaka mingi nikifikiria ufundi wa mtu yule, na kila nikisoma sifa za makocha wakubwa naona kwamba ufundi wake hauna mahali pake katika sifa hizo. Kocha wa klabu husajili. Akikosa beki wa kushoto, anamtafuta sokoni. Kocha wa shule hupewa watoto ambao wazazi wao wameweza kulipa karo mwaka huo, basi. Akitaka beki wa kushoto, amtengeneze, na akishamtengeneza, mtihani wa taifa unamchukua. Kila Desemba timu yake inapakia masanduku na kwenda nyumbani. Kila mwaka mpya anasimama uwanjani mbele ya wageni wenye magoti makavu, akiwa na filimbi ileile. Kushinda mara moja katika hali hiyo kunawezekana kwa kizazi kimoja cha vipaji. Kushinda mwaka baada ya mwaka, huku vizazi vikipita kama maji ya mto Lhubiriha, ni ufundi wa namna nyingine kabisa, na ndio ninaotaka kuusifu.

Mwalimu alianza na majina. Asiyetoka kwetu huenda asielewe kwa nini hilo lilikuwa jambo. Bakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu Wanande wa Kongo, ni Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo; mti ule ule, matawi yameinama upande mwingine. Sasa weka vijana 22 wa namna hiyo uwanjani kisha piga kelele, “Bwambale, rudi!” Wanarudi watano, na mshambuliaji wa pekee uliyemtaka mbele ni mmoja wao.

Walimu wengine walitatua tatizo hilo kwa namba za jezi. Mwalimu alilitatua kwa vijiji. Bwambale wa Karambi, Bwambale wa Ihandiro, Baluku wa Kisinga. Ili umwite kijana kwa kijiji chake lazima ujue kijiji chake, na ili ujue kijiji chake lazima uwe umefika. Alifika. Siku za likizo alipanda miinuko ile kwa miguu kwenda kuwaona wazazi, akala obundu na sombe kwenye mikeka yao, akaona kijana analala wapi, anateka maji umbali gani, nani mgonjwa nyumbani. Aliporudi alijua kwa nini Masereka fulani alichoka mapema siku za Jumatatu. Sijawahi kusikia somo la ukocha linalofundisha hilo, ingawa naamini nusu ya ushindi wetu ilipatikana kwenye mikeka ile.

Alikuwa pia na imani yake kuhusu mpangilio wa kuzaliwa, na sikubaliani nayo yote, lakini naiandika kwa sababu ilimsaidia kuona. Alisema Baluku amezoea kuamuru wadogo zake, basi anafaa kuwa beki wa kati, mahali pa kupanga wengine kwa sauti. Kule na Thembo wamekua wakivaa mashati ya kaka zao na kugombea mfupa wa mwisho, kwa hiyo wanajua kusubiri mpira uliopotea ndani ya eneo la hatari. Mara nyingi alikosea. Lakini kijana aliyeambiwa kwamba nafasi yake nyumbani ina maana uwanjani alicheza kama mtu aliyetambuliwa.

Na mazoezi yenyewe? Hapa ndipo ningependa kukaa, maana wasifu wa makocha hupenda kurukia fainali. Muhula mzima wa kwanza wa kidato cha kwanza tulifanya jambo moja: kupokea mpira kwa mguu wa mbali. Mpira unakuja kutoka kulia, unaupokea kwa mguu wa kushoto, mwili umefunguka, macho yameshaona uwanja mzima kabla mpira haujatua. Mtoto aliyejifunzia kwenye mpira wa majani ya migomba huupokea kwa mguu wa karibu, kwa sababu mpira ule hauna uaminifu; unataka ukamatwe haraka. Kumfanya aache mguu wa karibu ni kama kumfanya mtu aache mkono wa kulia. Mwalimu alisimama mita tano kutoka kwetu na kutupia mpira kwa mkono, mmoja mmoja, mara 50 kwa kila mtoto, na kila tulipokosea alisema neno moja: “Mbali.” Alisema “mbali” kwa Kiswahili kwa sababu darasani kulikuwa na watoto waliovuka mpaka kutoka Kasindi, na watoto wa Kasese mjini ambao babu zao walikuja kuchimba shaba Kilembe kutoka kila upande wa Uganda na nje yake. Hesabu alifundisha kwa Kiingereza, hasira zake zilitoka kwa Lhukonzo, na mpira aliufundisha kwa Kiswahili.

Katika uwanja wenye mteremko, mguu wa mbali ulikuwa na maana ya ziada. Ukipokea kwa mguu wa karibu huku umegeukia mlima, mpira unateleza nyuma yako na kushuka. Ukiupokea kwa mguu wa mbali, mwili wenyewe unakuwa ukuta. Nilielewa hilo baada ya miaka kumi, nikiwa nimesimama peke yangu katika uwanja mwingine, tambarare, nikiona miguu yangu inafanya jambo ambalo sikuliamuru.

Kuna mtu wa mbali ninayemkumbuka nikimfikiria Mwalimu. Eddie Robinson aliongoza timu ya chuo cha Grambling, Louisiana, kuanzia 1941 hadi 1997, katika ule mpira wa Marekani wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, akashinda mechi 408. Siku hizi hesabu hiyo ndiyo inayotajwa. Mimi naipenda zaidi habari ya miaka yake ya mwanzo, alipopiga mistari ya uwanja mwenyewe, akawaandikia magazeti taarifa za mechi, na kuwaandalia wachezaji wake mikate ya safari, kwa sababu migahawa ya Kusini isingewahudumia vijana weusi. Sababu zetu zilikuwa tofauti, lakini mikate naijua. Kwenda mechi mjini Kasese tulipanda nyuma ya lori, kilomita zaidi ya 50, tukapita Kisinga na Kinyamaseke, kisha mbuga ya Queen Elizabeth na njia panda ya Kikorongo, karibu na mahali Ikweta inapokata barabara. Mwalimu aliketi nyuma pamoja nasi, sufuria la viazi vitamu vilivyochemshwa katikati ya magoti yake, mikono yote miwili juu ya kifuniko. Kiti cha mbele kando ya dereva alimwachia kijana mwenye kifundo kilichovimba.

Basari nazo zilikuja. Kijana akionekana katika mashindano ya wilaya, muhula uliofuata aliweza kuitwa na shule kubwa ya mbali, analipiwa kila kitu, na sisi tukaanza upya. Mwaka mmoja walichukuliwa watatu, na kwa mmoja wao barua haikupita hata ofisini kwa mkuu wetu wa shule; aliondoka usiku na godoro lake. Nilikuwa na hasira. Nilitaka Mwalimu awe na hasira. Alikwenda nyumbani kwa kijana yule, akamkuta mama yake, akamwambia, “Mama Kule, mtoto amepata masomo. Hakikisha anasoma.” Kisha akarudi uwanjani na kuanza kumtafuta winga mwingine kati ya watoto waliokuwa wakiokota mipira. Mpaka leo sijui kama ningeweza.

Ile miaka ya karibuni ilimjaribu kuliko basari zote. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka. Mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na familia yake alifia hospitali ya Bwera, na kote kwetu mikono iliacha kushikana. Mwalimu, ambaye kila mazoezi aliyafunga kwa kushika mkono wa kila mchezaji, alianza kugusa kila mtu kwa kiwiko, akamtazama usoni kwa muda uleule. Mei 2020 mto Nyamwamba ukafurika, ukaivunja hospitali ya Kilembe na kuwaacha maelfu bila makao. Wakati huo shule zilikuwa zimekwisha kufungwa kwa ajili ya korona. Zilifungwa Machi 2020, na ukiacha vipindi vifupi vya madarasa machache, hazikufunguka kwa wote hadi 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule muda mrefu kuliko Uganda. Kwa kocha wa shule, karibu miaka miwili ni timu mbili. Mabeki wake walirudi wamekuwa madereva wa bodaboda, wengine wana watoto, wengine hawakurudi. Miguu ilikuwa mizito, na hakukuwa na mkubwa aliyebaki wa kumfundisha mdogo yale mambo ambayo kocha hasemi: wapi pa kusimama kona ikipigwa, nani hubeba jezi, nani hunyamaza Mwalimu akinyamaza.

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Alikuwa amejenga timu ambayo kaka waliwafundisha wadogo, na mnyororo ulikatika.

Halafu usiku wa 16 Juni 2023, waasi wa kundi la ADF, wenye kambi zao Kongo, walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Kwetu kila familia ilimjua mtu. Sina maneno ya kuyapamba hayo na sitaki kuyatafuta. Nitasema tu kwamba Mwalimu alipowaita tena vijana uwanjani, hakutumia filimbi. Alitembea bweni kwa bweni mchana kweupe akiwaita kwa majina na vijiji. Siku hiyo hakuna aliyekimbia. Waliketi kwenye mteremko wakitazama upande wa Kongo, na yeye akaketi kati yao, na mpira ulikuwepo.

Wakenya wana habari ya Brother Colm O'Connell, Mwailandi aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa mwanariadha. Alibaki, akatazama watoto wakikimbia, akatazama tena, na mmoja wa waliopita mikononi mwake, David Rudisha, alikimbia mita 800 London tarehe 9 Agosti 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Nadhani dunia ilimwona Brother Colm kwa sababu ya sekunde zile. Kama Rudisha asingezaliwa, yule mzee angekuwa bado anasimama kando ya njia ile ya vumbi, akitazama jinsi mtoto anavyokanyaga, na ufundi wake ungekuwa uleule. Bwera haijatoa Rudisha wake. Imetoa manesi, madereva, walimu, mafundi, na mtu mmoja anayeandika, na wote, ukiwatupia kitu ghafla, hufungua mwili kwanza.

Mwezi uliopita nilipita shuleni. Goli la juu limepata nguzo za chuma, lile la chini bado ni la miti. Mwalimu amekonda, kofia ni ileile. Mbele yake walisimama wapya wapatao thelathini, wengine na njumu, wengi bila viatu. Nilisimama pembeni nikamsikia anauliza.

“Jina?”

“Bwambale.”

“Bwambale wa wapi?”

“Wa Nyabugando, Mwalimu.”

“Mama yako ni yule anayeuza kahawa pale juu?”

Mtoto akashangaa, akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akarudi hatua tano, akautupa mpira. Ukagonga mguu wa karibu, ukapita kando, ukaanza kushuka, na mtoto mwingine, ambaye hakuna aliyekuwa amemwagiza, akatoka mbio kuuwahi kwenye mikahawa.

“Mbali,” akasema Mwalimu, akanyoosha mkono kusubiri mpira urudi.