4.3 Mandhari ya London katika Riwaya za Dottie na Gravel Heart

Mandhari ya jiji kuu la Ulaya katika riwaya za uhamaji huweza kusomwa kwa wepesi kama chanzo cha maumivu: mhusika huondoka kwao akiwa mzima, akafika ughaibuni na kuvunjika. Sehemu hii inahakiki usomaji huo kwa kurejelea riwaya mbili za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Hoja inayotetewa ni kwamba London ya Gurnah haianzishi jeraha. Hulihifadhi jeraha lililokuja nalo ukimya wa familia.

Katika Dottie (1990), mhusika mkuu, Dottie Badoura Fatma Balfour, amezaliwa Uingereza. Hana nchi nyingine anayoikumbuka, lakini majina yake yanabeba historia ya ukoo ambayo hakusimuliwa kikamilifu. Ubaguzi na umaskini wa jiji vinamwumiza, hivyo London haikosi lawama. Hata hivyo, kinachomfanya ajihisi mgeni si rangi ya ngozi peke yake, bali pia kukosa masimulizi ya kumweleza alikotoka.

Katika Gravel Heart (2017), uhusiano huo unajengwa kwa msuko. Salim anapelekwa London na mjomba wake Amir, mwanadiplomasia, bila kujua kwa nini baba yake, Masud, aliihama nyumba. Siri inafichuliwa baadaye: Amir alipokuwa kizuizini, mama yake Salim, Saida, alilazimishwa kumpa mwili wake mtu mwenye mamlaka ili ndugu yake aachiwe. Kwa hiyo nyumba ya starehe ambamo Salim anapokelewa London imetokana na fedheha iliyotendeka Zanzibar. Jiji kuu halikuvunja familia hii. Lilipokea tu faida ya kuvunjika kwake.

Jina la riwaya linatokana na tamthilia ya Shakespeare, Measure for Measure, ambayo mandhari yake ni jiji la Vienna. Humo Isabella anatakiwa na mtawala kutoa mwili wake ili kumwokoa kaka yake, naye anakataa. Saida hakukataa. Kwa kulihamishia tatizo la Vienna Zanzibar, Gurnah anaonyesha kuwa dhuluma ya mamlaka haina bara lake maalumu.

Barua ni kipengele kingine muhimu. Amur bin Nasur, aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za jiji hilo, nazo zikachapishwa mwaka 1894. Msafiri huyo aliandika ili asomwe. Salim naye anamwandikia mama yake barua ambazo nyingine hazitumi. Fani ya barua, iliyokusudiwa kufupisha umbali, inageuka kipimo cha umbali huo.

Uhakiki huu unaonyesha kwamba mandhari haipimwi kwa wingi wa mitaa inayotajwa. Msomaji wa Gehandu, mkoani Manyara, ambaye huenda hajaiona London wala Unguja, anaweza kuufikia msingi wa Gravel Heart kupitia swali moja: ndugu aliyeokolewa anamlipa nini aliyejitoa kwa ajili yake? Amir hakulipa. Deni hilo lilimwangukia Salim, na London ndipo alipolibeba bila kulijua jina lake.