Nguvu ya Ndege Ndogo

Ukifika kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola mchana, utasikia injini kabla hujaziona. Dizeli ya silinda moja inazungusha karasha, mawe yanasagika, na fundi aliyekaa kivulini anatambua kwa sauti tu kwamba mzigo umezidi. Palipofika umeme, mota imeshika nafasi ya dizeli, lakini hesabu ya fundi haijabadilika: nguvu ipi, kwa kazi ipi, na kesho itapatikana wapi. Hesabu hiyohiyo ndiyo kiini cha ufundi ninaoupenda kuliko wote, wa kuunda na kurusha ndege ndogo za rimoti. Ningefurahi sana kuwaona vijana wa Geita na Shinyanga wakiushika, maana sikio tayari wanalo.

Wakongwe wa ufundi huu wanaipenda injini ya metanoli. Plagi yake haitoi cheche. Ndani mna uzi mwembamba wa platinamu uliosokotwa. Unaupasha kwa betri ndogo, injini ikiwaka unachomoa betri, na uzi unaendelea kuiva wenyewe, kwa kuwa platinamu ikikutana na mvuke wa metanoli hutoa joto. Plagi hiyo ilienea tangu mwaka 1947, kwa kazi ya Ray Arden wa Marekani. Ndani ya metanoli hutiwa nitrometani kidogo na mafuta ya kulainisha, na kwa miaka mingi mafuta hayo yalikuwa ya nyonyo, mmea unaojiotea wenyewe kando ya nyumba zetu.

Kuitegesha injini hiyo ni raha ya pekee. Unaifungulia moto wote, kisha unabana kidogo mpira wa mafuta kwa vidole na kuuachia papo hapo. Mlio ukipanda kidogo halafu ukarudi, sindano ya kabureta imekaa vizuri. Ukishuka mara moja, mafuta ni machache na injini itaungua ikiwa angani. Baada ya hapo unainua pua ya ndege ielekee juu, unasikiliza tena. Huku kwetu Geita na Shinyanga, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo sindano iliyotegeshwa Dar es Salaam lazima ikazwe kidogo, na propela nayo ifikiriwe upya.

Tatizo ni metanoli yenyewe. Haiuzwi kila duka, ni sumu, na mwali wake hauonekani juani. Mtu anaweza kuungua bila kuona moto. Petroli haina usumbufu huo wa kutafutwa. Kila kituo cha mafuta kinayo, unachanganya na oili ya tu-stroki kama ya msumeno wa mbao, na lita moja inakwenda mbali. Lakini injini ya petroli ni nzito na hutikisa, kwa hiyo inataka ndege kubwa, yenye mbao imara na skrubu zilizopakwa gundi zisilegee.

Umeme umefika mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ya kampuni ya Wingcopter, katika mradi wa kampuni ya DHL na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, kwa betri pekee. Mota haihitaji oksijeni, haichoshwi na mwinuko, ingawa propela na bawa bado vinaikanyaga hewa ileile nyepesi. Betri ya lithiamu ndiyo inayodai heshima: seli isizidi volti 4.2 ikichajiwa, isiachwe ndani ya gari lililoanikwa jua la Shinyanga, na ikivimba isitumike tena.

Kwa ndege ya kwanza ningemwambia kijana achukue umeme, aombe kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na arushe alfajiri uwanja ukiwa mtupu, kabla upepo haujaamka. Akishajua kutua, amtafute fundi wa karasha, wafungue pamoja injini ya petroli.