Habu ya tela: nati hukazwa kwa kipimo, si kwa mkono

Habu ya tela la mizigo huzunguka juu ya beringi mbili za rola za mshazari, moja upande wa ndani karibu na chasi, nyingine upande wa nje chini ya kifuniko. Henry Timken alipata hataza ya beringi ya aina hii nchini Marekani mwaka 1898. Imedumu kwa sababu rola iliyolala mshazari hubeba uzito unaotoka juu na pia msukumo wa ubavuni gari linapokata kona. Faida hiyo ina sharti lake: nafasi kati ya rola na pete haitoki kiwandani, hupangwa na fundi wakati wa kukaza nati. Beringi nyingi zinazokufa mapema huuawa na uchafu, na sili iliyochoka au na nati iliyokazwa kwa kukisia, wala si na ubovu wa chuma chake.

Kazi huanza kwa kuweka kabari kwenye magurudumu yasiyoinuliwa, kisha ekseli huinuliwa na kukalishwa juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Breki za maegesho lazima ziachiwe ili gurudumu lizunguke. Kama tela halina upepo, springi ya chemba ya breki hufungwa kwa bolti yake maalumu. Chemba yenyewe haifunguliwi hata kidogo, kwani springi iliyobanwa ndani yake inaweza kuua. Kabla ya kufungua chochote, gurudumu huzungushwa kwa mkono na kusikilizwa, halafu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Mkwaruzo huashiria rola zilizochubuka. Plei kubwa, yaani habu kucheza mno, ni ishara ya nati iliyolegea au pete iliyolika.

Habu ikishatoka, beringi huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Kuizungusha kwa upepo wa kompresa ni hatari, kwa kuwa rola zinaweza kuruka kwa kasi. Baada ya hapo chuma husomwa. Rangi ya bluu au ya kahawia iliyokolea ni alama ya joto kali. Vijitundu na magamba juu ya pete ni uchovu wa chuma. Mistari iliyopangana kwa umbali uleule wa rola hutokana na kishindo, mara nyingi cha nyundo wakati wa kufunga. Kasoro yoyote kati ya hizo inatosha kuitupa beringi, na inapotupwa hutupwa pamoja na pete yake ya nje iliyomo ndani ya habu. Kuweka rola mpya juu ya pete ya zamani ni kuokoa fedha kidogo na kupoteza beringi nzima. Sili nayo hubadilishwa kila habu inapofunguliwa.

Grisi hushindiliwa kutoka upande mpana wa beringi hadi ichomoze upande wa pili, kati ya rola zote. Kupaka kwa nje tu huacha katikati pakavu. Grisi za aina tofauti hazichanganywi, kwani baadhi zikikutana huyeyuka na kuvuja.

Kukaza nati ndiko kunakoamua umri wa beringi. Utaratibu unaotumika sana kwa ekseli za Marekani huanza kwa kukaza hadi nyutoni mita 271 huku habu ikizungushwa. Bila kuizungusha, rola hazikai mahali pake. Nati hulegezwa mzunguko mmoja kamili, hukazwa tena hadi 68, habu ikiendelea kuzunguka, kisha kwa tela nyingi hurudishwa robo mzunguko na kufungwa kwa kilokio chake. Ekseli za Ulaya zina vipimo vingine, na kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Baada ya hapo geji ya saa huwekwa dhidi ya ncha ya ekseli, habu ikavutwa na kusukumwa. Plei inayokubalika kwa utaratibu huo wa Marekani ni milimita 0.025 hadi 0.125, yaani kiwango cha juu kinakaribia unene wa karatasi ya kuandikia. Hakuna mkono unaoweza kuhisi tofauti hiyo kwa uhakika. Ikikosekana plei kabisa, chuma kikipata joto hutanuka na rola hujibana zenyewe.

Breki hukaguliwa habu ikiwa bado nje. Lainingi iliyolowa grisi haioshwi, hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili za ekseli ili tela lisivute upande mmoja. Dramu hupimwa kipenyo na kulinganishwa na kikomo kilichochapwa juu yake. Yenye ufa mpana haifai tena. Kwa chemba ya ukubwa wa 30, ambayo ni ya kawaida, fimbo haipaswi kutoka zaidi ya milimita 51 breki zikikanyagwa kwa upepo wa kutosha. Kwenye miteremko kama Kitonga mkoani Iringa au Mai Mahiu nchini Kenya kipimo hiki ni uhai: dramu yenye moto hutanuka ikiikimbia lainingi, na fimbo iliyokuwa karibu na mwisho hukosa nguvu ya kusukuma. Ajasta ya breki ya kujirekebisha ikionyesha fimbo ndefu, kuikaza kwa spana huficha kasoro tu. Kinachotakiwa ni kutafuta kilichoharibika kwenye ajasta, bushi au kamu.

Baada ya kilomita chache za kwanza joto la kila habu hupimwa na kulinganishwa na la jirani zake. Iliyo na moto kuliko nyingine ina breki inayoshika au beringi iliyobanwa mno, na hufunguliwa kabla tela halijapakiwa mzigo.