Krapf Darasani: Kosa la Kuanzia Mlimani

Johann Ludwig Krapf hufundishwa shuleni katika mada ya wamisionari na wapelelezi, na kwa kawaida watoto humkuta mlimani: mwaka 1849, yuko Ukambani, anautazama Mlima Kenya kwa mbali. Kwa mtunga kamusi, huo ni mwanzo mbovu. Ramani na tarehe huwa sahihi.

Kosa ni kuuachia mlima kipindi kizima. Wenyeji waliujua mlima huo kabla yake. Kazi iliyompambanua Krapf ilianzia Mombasa mwaka 1844, mwaka uleule aliomzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo alijifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa mji. Sarufi yake ilitoka 1850. Kamusi ilichapishwa London 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kipindi kinachoiruka miaka hiyo humwacha mtoto akidhani kamusi hujitunga, na humfuta kadhi. Kufutwa kwa wajuzi wa pwani ni dhuluma ya siku nyingi katika masimulizi ya Kiswahili. Hata mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, yalikusanywa na Mwalimu Sikujua kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor, na ni wanafunzi wachache wanaolisikia jina la Sikujua. Wajuzi wa kiwango hicho walistahili kutajwa kwanza.

Mkoani Simiyu kosa hilo linauma zaidi. Watoto wengi wa Bariadi, Itilima na Maswa huzungumza Kisukuma nyumbani, hivyo darasani wanaweza kushika nafasi ya Sheikh Ali, mjuzi anayeulizwa. Mmoja aulize, mwingine aeleze tofauti ya michembe na matobolwa. Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa, ila vya michembe hukatwa na kuanikwa vibichi, vya matobolwa huchemshwa kwanza. Anayeandika fasili moja kwa vyote viwili ameshindwa, na mwenzake atamsahihisha papo hapo. Kazi ya Krapf ilikuwa hiyo, neno kwa neno, kwa miaka.

Baada ya zoezi, watoto waelezwe kwamba Krapf aliandika zaidi Kimvita, lahaja ya Mombasa, ilhali Kiswahili sanifu kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia 1930 kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja. Ndiyo maana kurasa zake humtatiza msomaji wa leo. Mwaka wake wa kuzaliwa, 1810, unatosha mstari mmoja ubaoni. Mlima Kenya ubaki kwa mwalimu wa jiografia.