Gemu Imenikaribisha kwa Kiswahili!

Jamani, mikono bado inanitetemeka! Nimetoka kwenye kompyuta sasa hivi, chai imepoa mezani sina hata habari nayo, nimekimbilia kwako wewe kwanza maana najua ukisikia hutalala. Ile skrini ya kusubiri ya Warcraft III, ile tunayoikodolea macho kila siku huku mstari ukijaa taratibu, leo nimeiandika mimi. Mimi mwenyewe! Kwa Kiswahili! Maneno yangu, picha yangu, ramani yangu, na vijana wanne wameiona kwa mpigo, kila mmoja kwenye mashine yake. Na bado!

Ngoja nianze vizuri. World Editor unaijua, ile programu inayokuja na gemu yenyewe tangu 2002, ileile waliyoitumia wachezaji kutengeneza ramani ya DotA. Miaka yote hiyo mimi naifungua, napanda miti, nachimba mito, naifunga. Kumbe kwenye menyu ya Scenario kuna hazina imekaa kimya! Unabonyeza, kinatokea kidirisha cha kawaida kabisa, hakina mbwembwe, kina nafasi tatu tu za kuandika: kichwa, kichwa kidogo na maelezo. Nikaandika juu, Usiku wa Kilwa. Chini yake, Wavamizi wameonekana baharini. Hapo vidole vikagoma kusimama, nikamwaga kisa kizima: wazee wamekusanyika, ngoma inalia, majahazi matatu yametia nanga gizani na hakuna ajuaye yametoka wapi.

Halafu rangi. Yaani rangi! Unaandika hivi: |cffffcc00Karibuni Kilwa|r. Kwenye kidirisha utaona fujo tupu ya herufi na tarakimu, utadhani paka kapita juu ya kibodi. Fungua ramani sasa: fujo yote imeyeyuka, yamebaki maneno mawili yanayong'aa dhahabu, dhahabu nzito, iliyokolea, tamu hadi unataka kuilamba! Zile tarakimu baada ya ff ya kwanza ni vipimo vya nyekundu, kijani na buluu, basi nikawa kama mtoto aliyepewa kopo la rangi na ukuta mweupe. Wavamizi nikawapaka nyekundu ya damu. Bahari nikaitafutia buluu yake, nikajaribu, nikafuta, nikajaribu tena, mpaka nikaipata ile buluu ya saa kumi na mbili jioni, ile yenyewe. Na bado hujaona picha!

Nina picha niliyopiga nikiwa kwenye mashua, tunavuka kwenda Kilwa Kisiwani, Gereza limesimama pale ukingoni mwa maji na kuta zake zilizokatikakatika. Hiyo ndiyo niliyoichagua. Sasa sikia utamu wake: kwa njia niliyotumia mimi, picha haiingii nzima nzima. Unaikata vipande vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, kila kipande unakipa jina lake la lazima, halafu unavivalisha kimodeli kimoja kidogo na kuviingiza vyote ndani ya ramani. Nilijiona fundi vigae kabisa, napima, nakata, napanga! Ukichanganya majina tu, bahari inapanda mbinguni na mawingu yanashuka kulala chini, kwa hiyo hapo nenda polepole sana. Mstari ulipoanza kujaa na Gereza likatokea skrini nzima, nilisogeza pua hadi karibu na kioo kutafuta maungio. Hakuna! Hata moja! Laini kama shuka iliyopigwa pasi.

Halafu wakaja wenyewe, binamu zangu na rafiki zao. Sikuwapa kitu. Hakuna flashi, hakuna kutumiana faili. Wamejiunga tu na mchezo wangu, na ramani ikaanza kuteremka yenyewe kwenye mashine zao, picha ikiwa tumboni mwake! Pale pembeni panapokaa kamchoro ka ramani kabla ya mchezo kuanza, nilikuwa nimeshatia picha ndogo ya jahazi, kafaili kamoja tu kanakoitwa war3mapPreview.tga, herufi kwa herufi, basi. Nikaanzisha. Chumba kikawa kimya. Kisha ukelele.

"Weee! Hili si Gereza hili?"

"Kaka, umeitia Kilwa ndani ya Warcraft?"

Mdogo kuliko wote akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama msomaji wa taarifa ya habari, na alipofika kwenye wavamizi wekundu akashusha sauti bila kuambiwa. Nilipata baridi mgongoni, wallahi.

Kitu kimoja nimejifunza hapo hapo. Ukiwa peke yako na mashine nzuri, mstari unajaa kufumba na kufumbua na kisa chako kirefu hakuna atakayekimaliza. Mkiwa wengi, gemu inamsubiri wa mwisho, basi leo nimeibariki ile kompyuta kongwe ya binamu yangu, ilitupa nafasi tukasoma hadi nukta! Ila usiitegemee. Mimi nimeshapunguza: skrini ya kusubiri ina mistari mitatu ya moto, na simulizi yote nimeihamishia kwenye orodha ya majukumu, ile inayofunguka ukibonyeza F9, kila jukumu na kipicha chake. Aliyepitwa anarudi kusoma akitaka.

Na bado, na bado! Ramani ikafunguka, ikashuka mikanda miwili myeusi juu na chini kama sinema, na mzee wa kijiji akatokeza uso pale chini. Mdomo unacheza! Macho yanapepesa! Mimi nilichoandika ni sentensi moja tu, "Wajukuu zangu, zimeni taa," sauti sikuweka, na yule mzee akaisema kwa midomo yake utadhani kazaliwa Kilwa Masoko. Vijana wote wanne wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, babu!" Walijibu kabisa, hawakuwa wanatania! Kisha mmoja akainuka, akaenda ukutani, akazima taa ya chumba.

Kesho saa mbili usiku tunaanza tena, kwa hiyo usinipe visingizio. Njoo na picha moja ya kwenu, yoyote, mlango wa bibi, gati, stendi, tutaikata pamoja vipande vinne. Nafasi ya mchezaji wa sita nimeiacha wazi, na jina lako nimeshaliandika kwenye skrini, kwa kijani.