Kupendekeza Onyesho, Kutetea Jumba: Makumbusho ya Uganda na Wageni Wake

Mapendekezo mengi kuhusu makumbusho ya miji ya Afrika Mashariki humfikisha msomaji mlangoni na kumwacha hapo: saa za kufunguliwa, kiingilio, na sifa kwamba mahali panavutia. Makumbusho ya Uganda jijini Kampala yanastahili zaidi ya hayo, kwa kuwa jumba hilo limewahi kuponea chupuchupu.

Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala, na wenyeji wakaiita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga. Jina hilo ndilo uhakiki wa kwanza wa onyesho hilo, tena uhakiki makini. Walichokiita wakusanyaji sampuli, wenyeji walikitambua kuwa kitu chenye nguvu kilichoondolewa mahali pake.

Suala hilo halijaisha. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalipelekwa Cambridge enzi za ukoloni, yakarejeshwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Yalirudi nchini, lakini yalirudi makumbushoni, si hekaluni. Mtazamaji asiyeijua safari hiyo huona mabaki ya kale tu. Aijuaye huona mvutano baina ya kabati la kioo na madhabahu, mvutano ambao uhuru wenyewe haukuutatua. Mhakiki anayelisifu onyesho bila kuutaja amempunja msomaji wake.

Ukumbi wa ala za muziki ni wa tabia nyingine, na pengine ndio unaofaa kutembelewa kwanza. Ala zimepangwa kwa aina: ngoma, za kugongwa, za kupuliza na za nyuzi. Hivyo jamii mbalimbali hukutana badala ya kutengwa kila moja na kabati lake. Hata hivyo, mpangilio huo una gharama: ngoma ya kifalme na ngoma ya burudani huweza kuonekana kuwa ndugu wa tumbo moja.

Jengo la sasa la Kitante, lililobuniwa na Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954, nalo ni sehemu ya onyesho. Takribani mwaka 2011 lilikabiliwa na mpango wa kulibomoa ili kupisha jengo la biashara la ghorofa 60. Watetezi wa urithi waliupinga, hata mahakamani, na jumba lingali limesimama. Mpango wa namna hiyo hupata nguvu pale makumbusho yanapohesabiwa kuwa mali ya watalii na watoto wa shule pekee. Kiwanja kisicho na wasemaji huonekana kitupu.

Mwezi Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka Kampala vitu 39, kwa mkopo wa awali wa miaka mitatu. Pendekezo lolote la kwenda kuvitazama lina wajibu wa kulitaja neno mkopo, tena katika sentensi ya kwanza.